Mama Moza na Kuanguka kwa Mwanawe

Mama Moza hajui kukaa. Ukimkuta amekaa ujue anaumwa, na hata akiumwa atakaa nusu nusu, kanga mkononi, macho barabarani, kama mtu aliyeambiwa gari linaondoka sasa hivi. Jina lake hasa ni Fauzia, mzaliwa wa Njinjo, lakini hapo mjini Masoko ukimuulizia Fauzia utazungushwa mtaa mzima bure. Ulizia Mama Moza wa machungwa. Watakuonyesha meza yake, na watakwambia, "Ametoka sasa hivi." Jibu hilo ni la kweli saa yoyote ya siku.

Msimu wa machungwa yuko Kipatimu, anachagua mzigo mwenyewe kwa mkono wake, maana hamwamini mtu, kisha anashuka nao juu ya lori. Msimu wa ufuta yuko kwao Njinjo, anagombana na kaka zake kuhusu mipaka ya shamba. Mumewe, Ridhiwani, alikuwa dereva, na lori lilimlalia kwenye kona za huko huko Kipatimu wakati Moza angali shule ya msingi. Watu wakasema, haya, sasa mama huyu atatulia. Wapi! Alimaliza eda, akajifunga kibwebwe, akapanda barabara ile ile iliyomuua mume. Kumuuliza kwa nini ni kujitafutia matusi.

Sasa mtu wa namna hiyo utegemee azae mtoto gani? Alimzaa Moza. Hakuna mkorosho wa Njinjo ambao mtoto yule hakuupanda, na mingi kati ya hiyo alishuka bila kushika tawi. Alianguka na baiskeli, alianguka ukutani shuleni, alianguka kutoka juu ya paa la jirani alipokuwa akichungulia harusi. Alipomaliza kidato cha sita akapata ufadhili wa kusomea urubani Dar es Salaam. Mama Moza akalia, akapika pilau, akalia tena. Sokoni alitembea kifua mbele, "mwanangu rubani" kila baada ya chungwa. Akiwa peke yake, ndege ikipita juu, alikuwa anakaba upindo wa kanga mpaka mlio upotee. Hilo hakumwambia mtu. Ndilo jambo pekee ambalo Mama Moza aliwahi kulinyamazia.

Basi Julai ile, upepo wa kusi unavuma kweli kweli, Moza akatumwa na chuo kufanya zoezi. Arushe ndege peke yake kutoka Dar, atue Masoko, aondoke tena arudi. Ndege yenyewe ndogo, viti viwili, injini moja. Kwa mama yake hakusema kitu. Alimjua: angesema tu neno moja, uwanja mzima ungejaa akina mama na vigelegele, na pengine na sinia la pilau.

Kilichotokea ni hiki. Magurudumu yaligusa chini kwa nguvu, ndege ikadunda, ikarudi juu. Pale juu upepo wa ubavuni ukaikamata na kuisukuma pembeni. Moza akaishusha pua haraka mno. Gurudumu la mbele likavunjika, pangaboi la puani likalima lami, na ndege ikatoka nje ya njia, ikaenda kusimama kwenye majani, pua chini mkia juu.

Mama Moza alikuwa anampunja mteja, sema "anampimia," tusigombane, pale bodaboda ilipofika mbio.

"Mama Moza! Ndege imeanguka uwanjani! Wanasema ni mwanao!"

Hakuuliza swali. Alipanda ile bodaboda bila kiatu kimoja, machungwa akayaachia Mungu na majirani. Njia nzima alikuwa anasema "Yarabi, Yarabi, Yarabi," na katikati anamtukana dereva kwa mwendo mdogo. Alipofika akamkuta Moza amekaa chini kwenye majani, kidevu kimepasuka, shati jeupe limelowa damu, na anabishana na umati.

"Haijaanguka! Imetua vibaya! Hamuelewi tofauti?"

Nani angemsikiliza? Masoko nzima ilishasema imeanguka. Mama Moza alimkumbatia, akamkagua mikono, miguu, meno, kisha akampiga kofi la bega, kisha akamkumbatia tena. 

Moza alishonwa kidevu, chuo kikampa ruhusa apumzike nyumbani. Na hapo ndipo kisa kinapoanzia, maana simu ilipigwa.

Mama Moza alikuwa mezani, soko limechangamka, mkono mmoja unapanga machungwa mafungu mafungu, mwingine umeshika simu. Aliyepiga alikuwa mwanamke, sauti ya adabu tupu.

"Shikamoo mama. Naitwa Daktari Veronika. Mimi ndiye ninayewapima afya wanafunzi wa urubani wa chuo cha Moza."

"Marahaba mwanangu, marahaba. Hujambo? Moza hajambo, anakula vizuri, uji asubuhi—"

"Nimefurahi, mama. Moza ameniambia zile dakika za mwisho hazikumbuki vizuri. Ndiyo nikaona nikuulize wewe uliyemlea. Kabla ya siku ile, aliwahi kuanguka?"

"Kuanguka?" Mama Moza akacheka mpaka wenye meza za jirani wakageuka. "Huyu? Daktari, huyu anaanguka tangu mdogo! Wewe niulize ni lini haanguki!"

Sauti ya daktari ikashuka. "Anaanguka wapi, mama?"

"Popote! Shuleni, shambani, barazani. Alishaanguka mbele ya wageni wa harusi, aibu niliyoipata siku hiyo we acha tu."

"Pole sana, mama. Akianguka anajiuma ulimi?"

"Aah, ulimi! Kuna siku damu ilimjaa mdomoni, nikajua ulimi umekatika."

"Na akiinuka, anakumbuka kilichotokea?"

"Wapi! Umuulize, atakwambia hajui. Kila mara hajui. Anajipangusa vumbi, anaondoka zake."

"Nashukuru sana, mama. Umenisaidia kuliko unavyofikiri."

"Karibu, daktari. Na machungwa nitakutumia."

Akakata simu, akaona amemsemea mwanawe vizuri. Alidhani daktari alikuwa anataka kujua kama mtoto ni mkakamavu.

Jamani, heshima nayo ina hasara zake. Daktari Veronika, mtoto aliyelelewa akalelewa, aliona vibaya kumtamkia mama wa watu neno kifafa kwenye simu. Akasema kuanguka, kama sisi sote tunavyosema tukitaka kulificha jina la ugonjwa ule. Na Mama Moza naye akajibu alichoulizwa: kuanguka kwa kuanguka, puu, chini, kutoka juu ya mkorosho.

Jibu lilikuja kwa Moza. Alisoma ujumbe kwenye simu yake, akausoma tena, akaja jikoni uso umemsawajika.

"Mama. Wamenisimamisha kuruka. Wanasema nina kifafa."

"Una nini?"

"Kifafa, mama! Mwenye kifafa hapewi cheti cha afya. Harushi ndege maisha yake yote. Na wanasema aliyewaambia ni wewe!"

Mwiko ukamponyoka Mama Moza. Akamsimulia mazungumzo yote, neno kwa neno, na kadiri alivyosimulia ndivyo sauti yake ilivyopungua, mpaka alipofika kwenye ulimi akanyamaza mwenyewe. Moza alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama! Alikuwa anauliza kuanguka kule!"

"Sasa mimi ningejuaje kuanguka kupi? Si angesema?"

Moza akacheka, na akiwa katikati ya kucheka akaanza kulia. Alimpigia daktari. Daktari akasikiliza, akasema pole, lakini neno la mzazi likishasemwa halifutwi kwa simu. Moza akaitwa Dar, akapimwa kichwa, vipimo vikatoka safi. Hata hivyo daktari akasema ugonjwa ule unaweza kujificha vipimo vikatoka safi, kwa hiyo anamtaka mama mwenyewe, uso kwa uso. Mwezi ule ule angekuja Lindi kwa kliniki. Waje huko. Atakalosema mama siku hiyo, ndilo litakaloamua.

Basi hapo pakawa hapakaliki.

Mama Moza alishaambiwa aseme ukweli, na ukweli ulikuwa mdogo, unaenea kwenye neno moja: hana. Lakini kila alipoliandaa neno hilo, aliiona ile ndege mkia juu. Alikwenda sokoni, akarudi kabla ya kufika. Alifagia uwanja wa nyumba uliokwisha kufagiwa. Alisafiri kwenda Njinjo, akafika, akasalimia, akageuza siku hiyo hiyo, kaka zake wakabaki wanatazamana. Wazo lilikuwa limemwingia, na lilikuwa tamu, ndiyo shida yake. Nani atambishia? Akisema anaanguka, basi anaanguka. Mtoto atapata kazi ya ofisini hapo hapo mjini, atakuwa anakuja kula mchana, na ndege zitapita juu na kwenda na watoto wa watu wengine. Alijichukia kwa wazo hilo, akajikuta analirudia.

Na Moza? Moza alikuwa amekaa. Hilo nalo lilimtia mama yake wasiwasi asioujua jina. Mtoto alikaa kwenye mkeka asubuhi, jioni unamkuta hapo hapo. Hakutoka, hakugombana, hakupanda hata kitandani kwa haraka. Ukimuuliza anasema anasubiri.

Mara moja tu waligombana. Mama Moza alijitia kusema kwamba kazi ya angani ni ya hatari, kwani ziko kazi ngapi duniani. Moza akamtazama.

"Baba alifia barabara ya Kipatimu, na wewe barabara hiyo unaipanda kila msimu. Nilikuwa nalala kwa jirani nasikiliza kila lori. Niliwahi kukwambia usiende?"

Mama Moza akaondoka kwenda kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Walipanda basi hadi Lindi, wakafikia mtaa wa Rasbura kwa Bi Binti, dada yake marehemu Ridhiwani. Bi Binti ni mwanamke mpole, anaongea taratibu, na watu wapole ndio wa kuwaogopa wanapotoa ushauri. Mchana ule Moza alikuwa uani anafua. Mawifi wawili wakabaki ndani, na Mama Moza, ambaye hajawahi kumficha wifi yake kitu isipokuwa hofu hiyo ya ndege, akafungua roho yote.

"Wifi," Bi Binti akasema, "wewe unahangaika nini? Neno limeshatoka kinywani kwako bila wewe kulipanga. Si Mungu huyo? Nyamaza. Hata usiseme ndiyo. Sema tu hujui."

"Atasemwa, wifi. Kifafa! Nani atakuja kumuoa?"

"Atasemwa akiwa hai. Mimi kaka yangu hasemwi tena na mtu."

Mama Moza akasimama, akakaa, akasimama. Aliona raha kuambiwa vile, raha ya kweli, na aliona haya kwa hiyo raha. Huko nje nguo zilikuwa zinapigwa kwenye beseni polepole sana, kama anayefua hana haja zitakate.

Kesho yake wakaenda hospitali. Daktari Veronika alikuwa kijana kuliko sauti yake, msichana mwembamba. Aliposema shikamoo aliinuka kitini. Akamwomba Moza asubiri nje. Akafunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Mama, safari iliyopita nilikuuliza kwa kuzunguka, na kosa ni langu. Leo nakuuliza wazi, unisamehe kwa neno lenyewe. Moza ana kifafa? Aliwahi kupoteza fahamu, akatetemeka, akatoka povu, hata mara moja?"

Mama Moza akafungua mdomo. 

Mwanamke huyu aliyeongea na wateja, na madereva, na maiti ya mumewe mwenyewe, alikaa pale akakosa sauti. "Sijui," kama alivyofundishwa na wifi yake. Neno jepesi, hata dhambi yake si kubwa, mtu anaweza kuitubia siku moja na kulala. Akalisikia limefika kwenye meno. Daktari alimngoja, hakumharakisha.

Dirisha lilikuwa wazi. Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwapo Moza, mikono juu ya mapaja, miguu imelingana. Watu walipita mbele yake, mmoja akaangusha vidonge vikatawanyika mpaka miguuni kwake. Moza wa siku zote angekuwa ameshainama anaviokota, ameshauliza jina la mgonjwa na kijiji chake. Huyu hakuinua hata macho. Mama Moza aliwahi kukaa hivyo, siku za msiba wa Ridhiwani, kabla hajajifunga kibwebwe. Aliujua mkao huo unavyouma.

"Hana," akasema.

"Mama?"

"Hana. Hajawahi. Alianguka kwenye miti, alianguka na baiskeli, alianguka kwa utundu wake. Alisema hajui kilichotokea kwa sababu nilikuwa nimeshika fimbo. Ulimi aliuma alipotua kwenye jiwe. Mtoto mzima huyu. Andika."

"Una hakika, mama? Nikishaandika hivi, atarudi kuruka."

"Si nimekwambia andika!" Sauti ilimtoka kwa hasira mpaka akajishtukia. "Andika, mwanangu, kabla shetani hajanirudia."

Daktari akaandika. Mama Moza alitazama ile kalamu inavyokwenda, akaona kama anamtoa mtoto kwa mkono wake mwenyewe, na machozi yakamtoka bila kelele. Hakuyafuta.

Alipotoka nje Moza akainua uso.

"Umesemaje?"

"Nimesema huna."

Moza akatoa pumzi ndefu. Akatazama chini. "Nilidhani utanyamaza. Jana nilikusikieni, wewe na shangazi. Dirisha la uani halifungi."

"Nilitaka," Mama Moza akasema. "Wallahi, Moza, sitakudanganya, nilitaka. Nilikuwa nimeshalishika neno mdomoni."

 Kidevu cha Moza, pale kwenye mshono, kilianza kucheza.

"Mama. Na mimi nilitaka unyamaze."

"Unasemaje?"

"Nilitaka wewe ndiye unizuie. Ningekulaumu mpaka ninakufa. Ningemwambia kila mtu mama yangu ndiye aliyeniharibia. Na hakuna ambaye angejua kwamba ninaogopa."

Mama Moza alimtazama. Kwanza hasira zilimpanda, mpaka kichwani, akataka kumrukia pale pale mbele za wagonjwa: we mtoto mwendawazimu, mimi nimetoa roho yangu humo ndani, kumbe! Kisha hasira zikashuka, na chini yake akakuta lile neno alilolitaka mwezi mzima. Sasa hakuhitaji kuliiba, alikuwa anapewa mkononi. Aseme tu: basi acha. Turudi nyumbani. Moza angekubali, lilikuwa limeandikwa usoni mwake kwamba angekubali.

Akakaa kwenye benchi, akakaa kweli kweli, mgongo ukutani.

"Unaogopa nini hasa? Kule juu?"

"Juu siogopi. Juu napenda. Ni kutua. Nikifikiria tu ile ardhi inavyokuja, mikono inakufa ganzi."

"Mwalimu wako anajua?"

"Hajui mtu."

"Utamwambia yeye kwanza, kabla hujagusa ndege. Umwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze."

"Nitamwambia."

"Na akikuona uko tayari, watakutuma tena Masoko?"

"Lazima. Zoezi lile halijaisha."

Mama Moza alikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja.

"Siku hiyo unipigie simu," akasema. "Nitakuja uwanjani."

"Utaweza kutazama, mama?"

"Sitaweza," Mama Moza akasema. "Nitakuja."